Mchoraji Haruhusiwi Kusema

Kijana anayekuja kujifunza kazi ya mitambo ya matukio, yaani sauti, taa na umeme wa harusi na mikutano, hapa Arusha haji mikono mitupu. Ameshavuta kebo kwenye kwaya ya kanisani kwao, ameshabeba spika za harusi kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, na pengine ana cheti cha umeme wa majumbani. Sikio analo. Anachokosa ni njia ya kuyatoa yaliyo kichwani mwake yakafika mikononi mwa mwenzake. Akiwepo, kazi inakwenda. Akitoka kufuata mafuta ya jenereta, simu yake inaanza kuita: ile spika ya kushoto ni kushoto kwa nani, kebo hii inaishia wapi, mama wa kamati anataka meza kuu ihamie huku, tufanyeje?

Ndiyo maana somo ambalo wanafunzi hulidharau kuliko yote, la kuchora, kuandika na kuzungumza na wateja, ndilo tunalolipa saa nyingi. Mihadhara hailiwezi. Linaingia kwa zoezi moja lenye sheria moja: aliyechora haruhusiwi kusema.

Wagawe wanafunzi wanne wanne. Kundi la kwanza lipime ukumbi na kuchora jukwaa la mita 8 kwa 6, spika mbili kuu, trasi moja ya mbele (fremu ya chuma ya kutundikia taa), meza ya fundi sauti na meza kuu ya maharusi. Kundi la pili, ambalo halikuwepo wakati wa kupima, lipewe karatasi hiyo tu, futi ya mita 30 na tepu ya karatasi, kisha liweke alama za kila kitu sakafuni. Wachoraji wasimame ukutani na daftari. Kila wanapotamani kupiga kelele "hapana, siyo hapo!", waandike swali ambalo mchoro wao umeshindwa kulijibu. Mwisho pimeni wote pamoja. Mguu wa trasi ukiwa umepotoka zaidi ya sentimita 5, au spika zaidi ya sentimita 10, alama zinapungua, na zinapungua kwa waliochora, siyo kwa waliopanga. Hapo huwa pana manung'uniko. Wacha wanung'unike, kisha wabadilishane zamu.

Madaftari ya ukutani huwa na maswali yaleyale. La kwanza ni mahali pa kuanzia kupima. Mwanafunzi anaandika "mita 3 kutoka ukutani" bila kusema ukuta upi, au anapima kitu kimoja kutoka kwenye kingine, spika kutoka kwenye jukwaa, trasi kutoka kwenye spika, na kosa la sentimita 4 linabebwa na kukua hadi mwisho wa mnyororo. Dawa ni mistari miwili. Mmoja unapita katikati ya ukumbi kuelekea jukwaani, wa pili ni ukingo wa mbele wa jukwaa. Panapokutana ndipo sifuri, na kila kipimo kwenye karatasi kinatoka hapo, siyo kwa jirani. Sifuri ichorwe kwa duara na msalaba, na ukifika ukumbini iwe kitu cha kwanza kuwekewa tepu sakafuni.

La pili ni kushoto na kulia. Kwenye kazi hii kushoto kwa jukwaa ni kushoto kwa msanii anayewatazama watu, yaani kulia kwa fundi sauti aliyekaa nyuma ya ukumbi. Wanafunzi hukubali darasani na kusahau kazini. Chora mshale na uandike "kushoto kwa jukwaa" kwenye kila karatasi, hata kama unaona ni utoto.

La tatu ni kwenda juu. Ramani ya kutazama kutoka juu haisemi feni ya dari iko wapi, wala kwamba taa ya mapambo imening'inia mita 3.2 kutoka sakafuni. Pima dari, halafu pima kitu cha chini kabisa kinachoning'inia. Namba hiyo ya pili ndiyo itakayokubana. Kwa kumbi za hoteli pima na mlango wa nyuma, kona ya korido na ngazi, kwa sababu sanduku la spika lisilopita mlangoni linageuza mpango mzima. Kwa bustani pima mteremko. Mji umekaa miguuni pa Mlima Meru na nyasi nyingi zinazoonekana tambarare siyo tambarare: jukwaa la mita 8 likianza na kimo cha futi 2 upande mmoja linaweza kuishia na futi 3 upande wa pili.

Pembe ya jukwaa hatuikisii kwa macho. Jukwaa la mita 8 kwa 6 lina bahati ya kujikagua lenyewe: mshazari wake ni mita 10 kamili, na mishazari yote miwili lazima ilingane. Ukisoma 10.12 upande mmoja na 9.88 upande mwingine, jukwaa limelala upande kama sambusa, na trasi itakayofuata italala nalo.

Kuhusu karatasi yenyewe, anza na penseli na karatasi ya miraba. Programu kama SketchUp, Vectorworks au AutoCAD zije baadaye, maana picha ya pande tatu yenye rangi humficha mwanafunzi asiyejua vipimo. Kamati ya harusi itaipenda sana picha hiyo. Fundi wa trasi hana la kufanya nayo. Kwa skeli ya 1:50, jukwaa letu linakuwa sentimita 16 kwa 12, na karatasi ya A3 inabeba eneo la mita 21 kwa karibu 15. Ukumbi mkubwa zaidi ya hapo nenda 1:100. Kisha chora mstari wa kipimo, wenye alama za mita 0, 1, 2 hadi 5, ndani ya mchoro wenyewe. Hiyo ni kinga dhidi ya stesheneri: ukipeleka faili wakachapa kwa kulazimisha lienee kwenye ukurasa, skeli imekufa na maandishi ya "1:50" yamebaki yanadanganya. Mstari wa kipimo hunywea na kutanuka pamoja na mchoro, hivyo fundi mwenye rula atagundua.

WhatsApp nayo ina tabia yake. Mchoro uliotumwa kama picha hubanwa, namba ndogo zinakuwa ukungu, na 3.6 inasomwa 3.8. Utumwe kama waraka wa PDF. Jina la faili liwe na ukumbi, tarehe ya tukio na namba ya toleo, na kona ya chini kulia ya karatasi iwe na hayohayo pamoja na jina la mchoraji na simu. Tunakataa kusahihisha mchoro usio na toleo. Inaonekana ukali, lakini mchoro wa toleo la 2 na wa toleo la 4 ikikutana kwenye ukumbi mmoja, mmoja kwa fundi umeme na mwingine kwa mpambaji, hakuna atakayejua nani amekosea.

Mpambaji anastahili aya yake. Hapa kwetu migogoro mingi ya ukumbini haitokei baina ya sauti na taa. Inatokea baina ya mitambo na mapambo. Wapambaji huingia mapema, wana haki ya kutaka waya zisionekane, na wakikuta spika haijachorwa kwenye ramani yao wataifunika kitambaa. Shifoni nyepesi haisumbui sana. Velveti nzito inakula sauti za juu, maneno ya MC yanakuwa mazito yasiyosikika vizuri, na fundi anaongeza sauti badala ya kuondoa kitambaa. Mwanafunzi wetu lazima achore karatasi ya peke yake kwa mpambaji: bila namba za chaneli (njia za sauti), bila alama za umeme, yenye maumbo ya spika, eneo la mbele yake linalotakiwa kubaki wazi, njia ya kebo, na taa zinazopata moto ambazo kitambaa kisizikaribie. Kila msomaji apewe karatasi yake. Mchoro mmoja unaotaka kumhudumia kila mtu husomwa na aliyeuchora tu.

Umbali kwenye mchoro una kazi nyingine wanafunzi hawaitegemei. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20. Ukiweka spika za nyuma mita 24 kutoka zile kuu, unazichelewesha milisekunde 70 ili sauti yake ifike pamoja na ya zile kuu, na fundi sauti anaipata namba hiyo kwa kusoma mchoro kabla hajafika. Mchoro ukikosea mita 2, ucheleweshaji unakosea karibu milisekunde 6. Wapo wanaouliza kuhusu joto la Moshi. Kwa nyuzi 30 sauti hukimbia karibu mita 349 kwa sekunde, na kwa mita 24 zilezile tofauti ni milisekunde moja na kidogo. Shughulika na futi yako kwanza.

Baada ya michoro huja majedwali, na hapa ndipo wenye cheti cha umeme hushtuka. Wanajua kujumlisha wati, kugawa hawajazoea. Chukua mfano huu: sauti wati 3,000, taa za LED 12 za wati 150, jumla 1,800, taa za kuzunguka 6 za wati 400, jumla 2,400, skrini ya LED ya mita za mraba 12, ikikadiriwa wati 600 kwa kila mita ya mraba pale inapowaka nyeupe yote, 7,200. Jumla ni wati 14,400. Mwanafunzi anaandika "jenereta ya kVA 20 inatosha", kVA ikiwa kipimo cha uwezo wa jenereta, na kufunga daftari.

Sasa muulize kila fezi, yaani kila moja ya njia tatu za umeme, inabeba nini. Skrini yote ikiwekwa fezi moja ni 7,200 kugawa kwa 230, ampea 31 na ushei, kwenye breka ya 32. Siku nzima ya majaribio itakaa, kwa sababu video za majaribio huwa na giza giza. Usiku, wimbo wa kwaya ukirushwa maneno meusi juu ya nyeupe, breka inaweza kuanguka. Gawa skrini mara mbili: fezi ya kwanza nusu ya skrini na taa za LED, wati 5,400, ampea 23.5, ya pili nusu nyingine na taa za kuzunguka, wati 6,000, ampea 26, ya tatu sauti peke yake, ampea 13. Haijalingana kwa usawa, na hatutaki ilingane. Tunaiacha sauti kwenye fezi yake ili mikwaruzo ya taa isiifuate kirahisi. Kisha jenereta: 14.4 kugawa kwa 0.8 (kigawe cha kugeuza kilowati kuwa kVA, "power factor") ni kVA 18, na kwa kuwa hatutaki ikimbie zaidi ya asilimia 75 ya uwezo wake, tunahitaji 24. Ya 30 ndiyo tunayoiagiza.

Jedwali la umeme liwe na safu ya urefu na unene wa kebo. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 2.5, mita 50, ikibeba ampea 16, inapoteza volti 14 hivi. Mbele ya kifaa zinafika 216 badala ya 230, na hiyo ni kama chanzo kilikuwa 230 kweli. Kebo iliyobaki imezungushwa kwenye rili wakati inabeba mzigo mkubwa inaweza kupata moto hadi plastiki iyeyuke, kwa hiyo jedwali liseme "kunjua yote". Na mstari wa mwisho wa jedwali ni sahihi ya aliyepima volti kati ya kila fezi na nyutro (waya wa kurudisha umeme) kabla ya kifaa chochote kuchomekwa. Nyutro iliyolegea kwenye fezi tatu haiuzimi mtambo, inaupandishia volti, na miksa (meza ya kuchanganyia sauti) inaungua huku taa zingine zikififia.

Orodha ya maiki na ala ni rahisi zaidi na hatuitumii muda mwingi. Safu sita: namba ya chaneli, chombo, maiki au boksi la DI (la kuunganishia ala kwenye miksa), aina ya stendi, kama maiki inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa, na mahali pake jukwaani. Makosa ni mawili. Watu huandika "kwaya, maiki 4" kwenye mstari mmoja, wakati kila maiki ni chaneli yake. Tena husahau kinanda kutoa kebo mbili. Kebo iandikwe namba ncha zote mbili. Kwa maiki zisizo na waya ongeza safu ya masafa, na wanafunzi wajue kuwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ndiyo msimamizi wa masafa, isije ikawa kila timu inajichagulia kivyake.

Arusha ina soko lingine lisilo la harusi. Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu zote zina makao hapa, na AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, imekuwa ikipokea mikutano tangu miaka ya 1970. Huko mteja anakuja na lugha mbili au tatu, na wanafunzi huchora jukwaa zuri wakasahau vibanda vya wakalimani. Kibanda cha kuhamishika cha watu wawili, kwa kiwango cha ISO 4043, ni angalau mita 1.6 kwa 1.6, kimo mita 2. Siyo kitu cha kusukumwa nyuma ya nguzo, kwani mkalimani lazima aione midomo ya msemaji na skrini pia. Zoezi zuri ni kuchora mistari ya macho kutoka kwenye kiti cha mkalimani hadi kwenye mimbari. Mstari ukikata nguzo, kibanda kinahama, na pamoja nacho njia za kebo na viti vya wajumbe.

Mikutano hiyo pia inaleta tatizo la saa. Ratiba ikiandikwa "saa 2", mgeni kutoka Nairobi aliyezoea kuandika Kiingereza na fundi wa mtaa wa Sakina hapa Arusha watafika kwa tofauti ya saa sita. Kila ratiba tunayoipokea lazima iwe na safu mbili: 20:00, na pembeni saa 2 usiku. Kupakia gari, kufika, kumaliza kufunga, kujaribu sauti, milango kufunguliwa, yote kwa safu mbili. Hakuna msamaha kwa hili.

Kuwasilisha wazo mbele ya kamati kuna utaratibu wake. Dakika tano, zikipimwa. Dakika ya kwanza mwanafunzi aeleze mgeni atakachoona na kusikia anapoingia, siyo majina ya spika. Mama Mwenyekiti hajali ni inchi 15 au 18. Anajali kama shangazi wa meza ya mwisho atasikia nasaha. Mbili zinazofuata ni mchoro wa kamati, wenye meza kuu, keki, njia ya maharusi na mahali pa watoa zawadi. Moja ni bei, ikitaja wazi kisichokuwemo: mafuta ya jenereta, ulinzi wa usiku, chakula cha mafundi, saa za ziada. Ya mwisho ni maswali mawili mwanafunzi anayowauliza wao, na moja kati ya hayo, kuanzia Machi hadi Mei, liwe kuhusu mvua: nani anatoa amri ya kuhamia ndani, na mwisho wa kuitoa ni saa ngapi. Mpango wa mvua usiokuwa na mtoa amri haufanyi kazi, maana wote watatazamana huku maji yakiingia kwenye miksa.

Kinachosemwa ukumbini kwa mdomo kiandikwe kabla jua halijazama. Mali bila daftari huisha bila habari, na mabadiliko ni mali. Ujumbe tunaowafundisha una umbo hili: "Mama Mwenyekiti, shikamoo. Kama tulivyozungumza leo Jumanne saa 10 jioni ukumbini, meza kuu inahamia upande wa mashariki. Spika moja na kebo zake zitahama, na gharama inaongezeka kwa kebo ya mita 20 na saa moja ya kazi. Mchoro toleo la 4 nimeuambatisha. Naomba unijibu 'sawa' kabla ya kesho saa 6 mchana ili tuanze nao." Salamu, kilichokubaliwa, matokeo yake, waraka, na siku ya mwisho. Vijana wengi huruka matokeo kwa kuona haya kutaja pesa kwa mtu mzima, kisha wanagombania bei siku ya tukio, mbele ya wageni.

Kukataa ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu anayeomba mara nyingi ni mkubwa. Mchungaji anataka taa nne zaidi juu ya trasi dakika ishirini kabla ya mkutano. Jibu la "haiwezekani" linamvunjia heshima, na jibu la "sawa" linaweza kumwangushia kwaya chuma kichwani. Tunawafanyisha igizo, mmoja akiwa mchungaji asiyeelewa kirahisi: "Shikamoo Baba Mchungaji. Taa zipo na nimeziona. Pale juu uzito umefika kikomo cha trasi, na chini yake wanasimama kwaya. Naomba nizisimamishe kwenye stendi pembeni, dakika kumi zitakuwa zinawaka." Salamu kwanza, sababu inayopimika, kisha njia mbadala yenye muda. Mwanafunzi atakayesema "ni sheria za kampuni" arudie tangu mwanzo. Namba ya kikomo hicho itoke kwenye jedwali la mtengenezaji wa trasi, na ajue tofauti ya mzigo uliosambazwa na mzigo wa katikati, kwa kuwa trasi ileile inabeba pungufu sana uzito ukikusanyika sehemu moja.

Redio za mkononi tunazifundisha kwa nusu siku tu. Taja unayemwita, jitaje, subiri, sema, na mwisho aliyepokea arudie ulichosema. Anayeongoza tukio hutoa tahadhari, "standbai taa 12" (kaa tayari kwa badiliko la taa namba 12), mwendesha taa anajibu "taa standbai", kisha amri, "taa 12, piga". Neno la amri lisitumike kwa lolote jingine hewani, kwani mtu akiuliza "nipige sasa?", taa zimeshabadilika.

Alama za mwisho wa muhula tunazigawa hivi: nusu kwa zoezi la tepu sakafuni, robo kwa majedwali na ujumbe ulioandikwa, robo kwa dakika tano za kamati. Uzuri wa mchoro hauna alama. Baada ya tukio halisi kila kundi linarudisha nakala ya mchoro iliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu: kilichohamishwa, volti zilizosomwa kweli, soketi iliyokutwa imekufa, upana halisi wa mlango wa jikoni. Nakala hiyo inaingia kwenye faili la ukumbi husika, na kundi litakalopangiwa ukumbi huo muhula ujao linaanza nayo, ila linapima upya vipimo vitatu kabla ya kuiamini.